Lita ya Karatasini

Nikitoka shule nilikuwa siendi nyumbani moja kwa moja. Nilipitia kwa shangazi, dada yake baba, mwenye kiwanda kidogo cha kufua mashuka ya hospitali na nyumba za wageni. Nilibadilisha sare, nikaketi kwenye benchi karibu na mashine ya kukaushia, nikakunja foronya mpaka mama arudi na gari. Mama ndiye aliyekuwa dereva. Kutwa nzima alipeleka mashuka safi na kurudi na machafu, na jioni alishuka garini taratibu, akishikilia mlango, akasimama kidogo kwanza kabla ya kupiga hatua.

Naitwa Chiriku. Si jina nililopewa nilipozaliwa. Nilipewa nilipoanza kusema, maana tangu siku hiyo sijanyamaza. Mpiga pasi wa pale, mzee wa utani mwingi, alikuwa akisema kwamba hata nikizibwa mdomo nitaongea kwa masikio. Ndiyo maana mwezi ule ulinichosha kuliko miezi yote niliyowahi kuishi. Nilitakiwa kunyamaza.

Mambo yalianza na gari jipya. Shangazi aliuza lile kuukuu lililokuwa likikohoa kila asubuhi, akanunua jingine jeupe pe, ambalo wafanyakazi walilipachika jina la Bibi Harusi. Lilikuja na karatasi kwenye kioo cha mbele, na kwenye karatasi hiyo, kwa tarakimu kubwa, kulikuwa na hesabu ya kiwanda kilicholitengeneza: lita moja, kilomita ishirini. Shangazi aliibandua polepole isichanike, akaibandika ukutani juu ya meza yake. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa.

"Ishirini," alisema. "Mnaona? Lile jingine lilikuwa linakunywa kama ng'ombe."

Shangazi si mtu mbaya, niliseme hilo mapema. Kazi ile aliianza na beseni moja. Baba alipovunjika mguu, wengi walitupa pole wakaenda zao, na ni yeye aliyempa mama usukani. Lakini shangazi akishaamini jambo, ameamini. Alijua gari linazunguka kilomita ngapi kwa wiki. Akazigawanya kwa ishirini, na kila Jumatatu akamwekea mama mafuta ya hesabu hiyo hiyo, hata tone lisizidi. Ikifika Alhamisi, taa ya mafuta inawaka.

Mara ya kwanza mama alipoomba ya kuongezea, shangazi alicheka. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu aliweka kalamu chini.

"Wifi, mafuta yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda barabarani, wifi. Gari linakuwa limejaa, foleni ni ndefu, na pale hospitali nasubiri getini."

"Waliolitengeneza ni wataalamu, wana mitambo yao ya kupimia. Wamesema ishirini. Wewe unaniambia halifiki. Sasa nimwamini nani?"

Mama alibaki na ufunguo mkononi. "Sijui nikuambie nini."

"Basi tusifike mbali. Likitokea tena, ufunguo nitampa dereva mwingine, wewe nitakutafutia nafasi kwenye kukunja. Ndugu ni ndugu, kazi ni kazi."

Mshahara wa kukunja haukutosha hata kodi ya vyumba vyetu viwili, na baba alikuwa bado na plasta mpaka kwenye paja. Mama alijua hivyo. Mimi pia nilijua, nikiwa nimeinamia foronya zangu.

Wiki iliyofuata mama alijaribu kila alichokiweza. Alizima kiyoyozi, akafunga madirisha, akaendesha kwa upole hadi wapanda baiskeli wakawa wanampita na kumpungia mkono. Alhamisi walimu wetu walikuwa na mkutano, tukaachiwa mapema, nikapanda naye gari. Taa ya mafuta ilikuwa inawaka. Mama aliingia kituo cha mafuta, akatoa kipochi chake mwenyewe, akamwambia mhudumu amwekee kidogo.

"Mama, si hiyo ndiyo nauli yetu?"

"Tutatembea."

"Na chakula chako cha mchana?"

"Sina njaa. Na haya usimwambie mtu."

"Lakini, mama..."

"Chiriku." Alilitamka jina langu ile namna yake inayofunga mazungumzo.

Tukatembea kweli. Siku hiyo, na kesho yake, na siku nyingine nyingi. Mama alibeba viatu mkononi tukishaingia mtaa wetu wa vumbi, kwa sababu vilimbana. Sikuuliza kitu, ila ulimi uliniwasha njia nzima.

Wiki mbili zikapita bila mama kuomba mafuta. Jumamosi, kwenye kikao cha wafanyakazi wote, shangazi alisimama mbele ya marundo ya mashuka, uso umekunjuka.

"Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako," alianza. Watu wakacheka, maana pale kulikuwa na nguo kila upande. "Sitamtaja mtu. Nasema tu kwamba mafuta ya gari yalikuwa hayatoshi. Nilipokemea, yakaanza kutosha. Bila shaka aliyeambiwa amesikia. Yaliyopita yamepita, mimi sina kinyongo."

Kicheko kikakatika. Gari lilikuwa moja na dereva alikuwa mmoja, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kutaja mtu. Mpiga pasi aliinamia pasi yake akaanza kuikagua. Mama alitazama sakafu. Mimi nilifungua mdomo, naye, bila hata kunigeukia, akanishika mkono akaubana kwa nguvu. Nikaufunga. Niliona uchungu, na mpaka leo nikikumbuka nauona.

Nyumbani mama aliketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja amevua, kingine bado. Alikaa hivyo muda mrefu. Baba alikuwa kwenye godoro lake, mguu juu ya mito.

"Kwa nini usimwambie unaongeza mwenyewe?" nikauliza.

"Nimechoka kubishana, mwanangu. Yeye ni wifi yangu, ndiye aliyetushika mkono. Nilisema acha nifunike kombe mwanaharamu apite. Nikajua yataisha."

"Yameisha, mama? Mbona zamani ulikuwa dereva anayeomba mafuta, na sasa umekuwa mwizi aliyeacha?"

Nilidhani atanifokea. Hakunifokea. Aliinama akaanza kulia, kimya kimya, kiatu kile kingali mguuni.

Baba hakujua kitu mpaka dakika ile. Alivuta pumzi, akajiinua kwenye mito.

"Dada yangu nimekua naye," alisema. "Ukimwambia jambo hasikii hata ulipige ngoma. Mwonyeshe. Mpandishe kwenye gari azunguke na wewe kutwa nzima. Asitoke hata kwenda kunywa maji."

"Atakubali?"

"Mwambie unataka kumwonyesha Bibi Harusi wake anavyofanya kazi. Atavaa na miwani."

Jumatatu mama alimwambia, na shangazi akakubali. Kweli alivaa miwani. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nikabanwa nyuma kati ya matenga ya mashuka. Tulianzia kituo cha mafuta. Mama alimwomba mhudumu ajaze tangi hadi shingoni, pampu ikatike yenyewe. Kisha akabonyeza kitufe kwenye dashibodi, hesabu ya kilomita ikarudi sifuri. "Wifi, tazama mwenyewe," alisema. Shangazi akatazama, akaitikia kwa kichwa.

Mwanzo shangazi alikuwa na raha. Kufika kwenye mzunguko wa sokoni, foleni ikatushika, malori mbele, malori nyuma, injini inanguruma na gari halisogei. Jua likapanda. Shangazi alijipepea kwa mkono, kisha kwa leso, kisha akaacha kujipepea.

"Wifi, hiki kiyoyozi ni pambo? Washa, tutaiva humu."

"Kinakula mafuta, wifi. Mimi huwa nakizima."

"Huwa unakizima? Katika joto hili?" Akamtazama mama kidogo. "Washa."

Hospitali walituweka getini tukisubiri, na mlinzi hakuturuhusu kuzima injini kwa sababu kila mara alitutaka tusogee kidogo kupisha magari ya wagonjwa. Tuliporudi tulikuwa tumebeba mashuka machafu, mengine mabichi, mazito hata matenga yalilalamika. Mlima wa kutokea hospitali tuliupanda kwa gia ya kwanza. Bibi Harusi akanung'unika njia nzima, na shangazi, sijui kwa nini, akawa anajisukuma mbele kwenye kiti kama vile anamsaidia. Saa sita mchana miwani ilikuwa imevuliwa. Alasiri shangazi alikuwa amevua na viatu.

"Kila siku ni hivi?" aliuliza.

"Leo afadhali," mama akajibu. "Mvua haikunyesha."

Jioni tulirudi kituo kile kile, pampu ile ile. Mhudumu akajaza tena hadi shingoni. Ziliingia lita saba. Dashibodi ilisema kilomita tisini na moja.

"Chiriku, gawanya," mama alisema.

Haikuwa hesabu ngumu. "Tisini na moja kwa saba ni kumi na tatu. Lita moja, kilomita kumi na tatu."

Shangazi alisoma pampu, akasoma dashibodi, akarudia. "Labda gari lina kasoro," alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Mhudumu alikuwa akifunga kifuniko cha tangi. "Mama, halina kasoro," alisema. "Mengi yanayokuja hapa ni hivyo hivyo. Kiwandani wanapima kwa utaratibu wao. Hakuna foleni, hakuna mlima kama huu, hakuna matenga. Lita ya karatasini haibebi mashuka mabichi."

Halafu shangazi akageuka polepole kumtazama mama.

"Sasa, wifi, wiki zile mbili yalitosha vipi?"

Nilibana midomo kwa vidole. Mama aliushika usukani, akatazama mbele.

"Niliongeza mwenyewe. Nauli yetu na chakula changu cha mchana. Nilichoka kuulizwa."

Shangazi aliutazama mguu wa mama, kiatu kilivyokwisha kisigino kwa kutembea. Mkono wake ukaingia kwenye mkoba, ukaanza kutafuta pesa.

"Hayo tutayaongea baadaye, wifi," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya mtu aliyechoka, lakini haikutetemeka. "Jina langu lilichafuka mbele ya watu. Lifue mbele ya watu."

Wafanyakazi walikuwa wanajiandaa kuondoka tulipofika. Shangazi aliwaita wote, akasimama pale pale aliposimama Jumamosi, peku, nywele zimekaa ovyo kwa jasho. Alieleza alichokiona, hakuruka kitu, hata ile habari ya nauli na chakula.

"Nilimwita mwizi mke wa ndugu yangu, bila kumtaja, na huko kutomtaja ndiko kubaya zaidi," alisema. "Wifi, nisamehe. Karatasi ile haikusema uongo. Ilisema yaliyopimwa kwingine, na mimi nikaichukua kumhukumia mtu aliye hapa. Ukitaka kujua kazi ya mtu, panda ukae naye, ndipo useme. Kuanzia leo mafuta yatapimwa barabarani." Akaenda ukutani, akaibandua ile karatasi, safari hii bila kujali itachanika wapi.

Mpiga pasi akakohoa. "Na Chiriku aruhusiwe kuongea," alisema. "Tangu wiki ile kiwanda kimepoa." Mama akacheka, kicheko kidogo tu, cha kwanza kwa siku nyingi.

Shangazi alitupeleka nyumbani mwenyewe. Nyuma ya gari, tukiwa tumeegemea matenga, mama alinivuta karibu.

"Shangazi yako amekosa," alisema, "lakini na mimi nilimsaidia kukosa. Kila nilipoongeza mafuta kwa siri, niliifanya ile karatasi ionekane kweli na mimi nionekane mwongo. Ukweli wako useme wewe ungali na nguvu, mwanangu. Ukingoja mpaka uchoke, utalipa ili unyamaze, na deni halitaisha."

Nilikuwa na mengi ya kumjibu, mrundo mzima wa mwezi mzima. Lakini kichwa chake kilikuwa kimeshanielemea begani, amelala. Nikanyamaza, na safari hii hakuna aliyenibana mkono.