Kisiwa Kisicho na Honi

Wiki ile shule zinafunguliwa, duka la Taslim pale Miyomboni, Iringa, halikuwa na pa kutia mguu. Wazazi waligombea madaftari, watoto walililia rula zenye picha, na mashine ya kutolea nakala iliunguruma mpaka ikapata moto. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Severina Nyenza, mwenye miaka thelathini na minne, sweta jekundu juu ya gauni la kitenge cha bluu, akimtajia Taslim majibu ya fomu ya pasipoti kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita majina ya abiria.

"Nchi unayokwenda?" Taslim aliuliza, vidole juu ya kompyuta.

"Indonesia."

"Sababu ya safari?"

"Kutembea."

Taslim akaacha kuchapa. "Kumtembelea nani?"

"Simtembelei mtu. Natembea tu. Kuna kisiwa nataka kukiona."

Duka zima likacheka, hata mwenye mtoto mgongoni. Nyuma ya Severina kulikuwa na mwanamume mrefu, ovaroli la kijani, mfuko wa spana begani. Akajipenyeza mbele kidogo.

"Samahani, dada. Huko Indonesia kuna msiba?"

Severina akageuka taratibu, akampima kuanzia viatu. "Kwa nini msiba?"

"Sisi huku hatupandi gari bila msiba, harusi au mgonjwa."

"Nyinyi wa wapi?"

"Mbeya."

"Poleni. Sisi wa Iringa tumeanza leo."

Sasa aliyechekwa ni yeye, na wala hakukasirika. Aliitwa Yotamu Mwakabungu, fundi wa majokofu, alikuja Iringa kutengeneza chumba cha baridi cha bucha moja. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye dirisha la tiketi stendi ya Igumbilo, maana alikuwa ameshamdodosa Taslim yule dada anafanya kazi wapi.

"Siti ya dirishani, tafadhali. Ya Indonesia."

"Basi la Indonesia limejaa," Severina alijibu bila kuinua kichwa, ila alikuwa ameshatabasamu. "Nikupe la Uyole?"

"La Uyole lina namba yako ya simu?"

Akaiandika nyuma ya tiketi. Watu wazima hao, wala wasituchoshe na kuzungushana.

Mwezi wa pili simu zilikuwa hazikatiki. Yotamu alikuwa anapiga akiwa juu ya ngazi, akiwa chini ya friji, mara nyingine bisibisi iko mdomoni.

"Mpenzi, kwa nini usiende Zanzibar? Si kisiwa pia?"

"Zanzibar kuna honi, Yotamu."

Miaka kumi na miwili Severina alikuwa ameuza safari za wengine, akishinda katikati ya honi, wapiga debe na injini zinazopashwa moto tangu alfajiri. Kisha mwaka juzi alifanyiwa upasuaji. Akiwa kitandani aliona kwenye televisheni ya wodi kisiwa kidogo kinachoitwa Gili Meno, hakuna gari, hakuna pikipiki, watu wanapanda baiskeli na mikokoteni ya farasi. Alimwomba nesi aongeze sauti. Nesi akamwambia sauti iko mwisho, ni kisiwa chenyewe hakina kelele. Tangu siku hiyo Severina hakutaka kitu kingine.

"Nimeomba pasipoti," Yotamu alimwambia mwezi wa nne.

"Ya nini?"

"Na mimi nikausikie huo ukimya. Kama hunitaki karibu, nitakaa siti ya nyuma."

"Utakaa nitakapokupangia, laazizi. Mimi ndiye mkata tiketi."

Wakakata tiketi mbili, za tarehe kumi Septemba.

Mwezi wa saba Yotamu akamchukua kumpeleka nyumbani kwao Uyole. Severina alivaa kitenge kipya, kilemba cha rangi ya maziwa, hereni ndogo za heshima. Mama Rozalia, mamake Yotamu, alimkumbatia mlangoni mpaka kilemba kikapinda. Hawajakaa hata dakika kumi, simu ya Yotamu ikaita: chumba cha baridi cha parachichi kimezima na lori linasubiri mzigo. Akambusu shavuni, akakimbia.

Ndipo Mzee Aroni, babake, akaingia kutoka bustanini, jembe begani. Alimwona Severina. Akasimama, akashusha kofia mpaka puani, akageuka, akatoka bila hata kupokea shikamoo. Kupitia dirishani Severina alimwona akizunguka mbali, akipita kando ya michongoma kuikwepa sebule. Wakati wa chakula sahani yake ilipelekwa kwa jirani.

"Ndaga fijo, mwanangu," Mama Rozalia alikuwa anashukuru tu, akiongeza ndizi kwenye sahani ya mgeni kana kwamba hakuna lililotokea. Na kwake yeye, kweli halikuwa limetokea jambo. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuelezwa kwa nini mzee anafanya hivyo, wote walikuwa wamezaliwa wakaikuta desturi hiyo.

Severina alimaliza chakula kwa heshima, akaaga, akaenda barabarani akasimamisha basi la Iringa. Moyo ulimuuma. Yotamu alimpata kwa simu basi likiwa Igawa, wauza vitunguu wakigonga madirisha.

"Mama anasema umeaga haraka. Kuna nini, kipenzi?"

"Baba yako amenikimbia kama nina ukoma."

Yotamu akacheka, na hapo ndipo alipokosea.

"Mpenzi, si amekukubali hapo! Kwetu Wanyakyusa mzee hatazamani na mkamwana wake. Angekusalimia vizuri ndiyo ungekuwa na cha kulia."

"Yaani mtu akinipenda ananikimbia?"

"Ndiyo!"

"Basi na mimi nakupenda sana," Severina alisema, akakata simu, akaizuia namba ya Yotamu.

Kwa Wahehe, watu wa Severina, mgeni husalimiwa, tena salamu ndefu, kamwene ya kwanza mpaka habari za kuku. Angeaminije mgongo? Yotamu alipiga kwa simu za watu wiki nzima. Alipopokelewa mara moja tu, aliambiwa, "Safari nimeghairi. Usijisumbue kwenda Dar." Ulikuwa uongo mtupu.

Baba mdogo wa Severina, Sosthenes, ambaye ndiye aliyemlea, alimwita nyumbani Kihesa.

"Nilikuambia mimi. Mwanamke mwenye pasipoti nani atamwoa? Umeanza na kisiwa, umemaliza na aibu. Uza hiyo tiketi."

"Tiketi ina jina langu, baba mdogo. Haiuziki."

"Utakwenda na nani sasa?"

"Na miguu yangu."

"Watu watasema!"

"Wasemee huku. Huko nitakuwa siwasikii."

Tarehe kumi ilipokaribia akapanda basi la Dar. Usimwone jasiri, alilia kuanzia Kitonga mpaka Mikumi, kisha akafuta macho akanunua mahindi ya kuchoma. Dar akapanda ndege, Doha akasubiri saa sita akiwa amekumbatia mkoba kama mtoto, kutoka Doha mpaka Bali, kutoka Bali ndege ndogo mpaka Lombok, kisha teksi mpaka bandari ndogo ya Bangsal. Pale palikuwa na boti za mbao zinazoondoka zikijaa. Alijisikia nyumbani kidogo. Alikaa kati ya magunia ya mchele na mama mwenye kuku wawili, na boti ilipofika kina cha magoti wakamwonyesha kwa mikono ashuke. Severina Nyenza aliingia Gili Meno viatu mkononi, gauni limekunjwa mpaka mapajani, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mama mwenye nyumba ya wageni, Bi Nurhayati, alimpokea kwa "Assalamu alaikum," akachungulia nyuma yake kutafuta mume. Hakumwona. Severina akanyoosha kidole kimoja: mmoja tu. Bi Nurhayati akacheka, akampa chumba kilichotazama maji.

Siku ya kwanza alikaa mchangani akisubiri honi. Haikulia. Njuga za farasi zilipita, baiskeli ikapita, jua likamchoma vizuri. Alilala mchana, jambo ambalo hajalifanya tangu wodini. Asubuhi ya pili akakizunguka kisiwa chote kwa miguu akarudi kabla ya chakula cha mchana, akaona kasa wawili wakiibuka kuvuta pumzi. Alikuwa na furaha, na alimkosa Yotamu, na alikasirika kwamba anamkosa.

Siku ya tatu boti ya asubuhi ilishusha mwanamume mrefu aliyelowa mpaka kiunoni, mfuko wa spana begani.

Severina alisimama. "Wewe! Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kutembea," Yotamu alisema.

"Nani amekuambia nipo?"

"Taslim. Ulinidanganya, Severina."

"Nimejifunza kwenu. Mkipenda mnakimbia."

"Sawa. Basi sijakufuata wewe, nimefuata kisiwa." Akachukua chumba upande wa pili.

Lakini kisiwa ni kidogo, utamkwepa mtu wapi? Walikutana kwa muuza nazi, Severina akamgeuzia mgongo. Walikutana kwenye ziwa la chumvi, akamgeuzia mgongo. Mara ya tatu Yotamu akapaza sauti mpaka farasi akashtuka:

"Severina! Ukizidi kunigeuzia mgongo hivyo nitajua umenipenda!"

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, ila hakusimama. Kucheka si kusamehe.

Kesho yake, saa kumi na moja jioni kisiwani, saa sita mchana Iringa, simu ya video iliita. Alikuwa Taslim, mtandio wake umeteleza mabegani.

"Wewe Severina! Wamekuja wazee wawili dukani kwangu wanaulizia kwa Sosthenes. Mmoja mshenga, ana barua ya posa. Mwingine Aroni Mwakabungu. Nikamwonyesha picha yako ya huko ufukweni, nimchangamshe. Akafunika uso kwa kofia!"

"Nilikuambia mimi. Hanitaki."

"Ngoja nimalize, dada! Nikamwambia, mzee, huyu mtoto amekukosea nini? Akasema, 'Huyo ni mke wa kijana wangu, simtazamagi. Tangu siku ile tumemkosa nyumbani.' Ametoka Uyole usiku wa manane, miguu imevimba, nimempa kiti na chai. Sasa hivi wako njiani kwenda kwa baba yako mdogo."

Severina alikaa kwenye mchanga. Mtu asiyekutaka havimbi miguu kwa ajili yako. Aliona aibu, akaona raha, akainuka akakimbia peku kukatiza kisiwa.

Alimkuta Yotamu uani kwa watu, kichwa ndani ya friji ya samaki.

"Umekuja kutembea au kutengeneza majokofu?"

Akajitoa, grisi shavuni. "Samaki wao walikuwa wanaoza. Ningefanyaje?"

"Baba yako yuko Iringa. Yotamu, nisamehe. Nilidhani umenifanyia dhihaka."

Yotamu akaweka spana chini. "Mimi ndiye wa kuomba msamaha. Wewe ulikuwa unaumia, mimi nikacheka. Nilitakiwa kukuambia kabla hujavuka mlango."

"Ulitakiwa."

"Ndiyo, mama."

Severina akamfuta grisi kwa ncha ya khanga yake, na mkono ukabaki pale pale shavuni. Simu ikaita tena. Sosthenes. Sebule yake ya Kihesa ilikuwa imejaa wazee wa ukoo, mshenga katikati, na Mzee Aroni amekaa pembeni, uso ukutani, mgongo kwenye simu.

"Severina, kamwene."

"Kamwene, baba mdogo."

"Wageni wameleta barua. Mila inataka msichana aitwe, aulizwe mbele ya watu. Kesho panda ndege urudi."

"Niulizeni hapa."

"Hatuulizi kwa simu! Na huyo nyuma yako nani? Mnalala pamoja huko?"

"Shikamoo, baba," Yotamu alisema haraka. "Mimi nalala upande wa pili wa kisiwa."

"Hatuwezi kupokea posa ya mtu anayezurura," Sosthenes alisema. "Rudi kwanza."

Severina alishika simu kwa mikono miwili. "Nitarudi tarehe ishirini na mbili, baba mdogo. Ndiyo tarehe yangu. Barua ikae mezani mpaka siku hiyo."

"Na wakiondoka nayo?"

Yotamu hakumfundisha neno. Alimwangalia tu, na Severina akaogopa kweli kweli, maana alikuwa anampenda mtu huyu na alijua ukoo wake hautanii.

"Wakiondoka nayo nitalia," alisema. "Nitalia sana. Lakini nitalia hapa hapa."

Mzee mmoja akakohoa. Kisha Mzee Aroni akasema, akiuambia ukuta:

"Mshenga, waambie wenye nyumba. Hatukuja kumrudisha mtu. Tumekuja kuuliza kama anatutaka. Kama lazima aulizwe, aulizwe huko huko aliko." Akashusha kofia tena. "Tena aambiwe aangalie vizuri. Akirudi atamsimulia mke wangu sebuleni, mimi nitakuwa nasikiliza nyuma ya mlango."

Mshenga alirudia kila neno, kama ilivyo kazi yake. Sosthenes akatazama wazee, wazee wakatazama sakafu.

"Severina," akasema kwa sauti nyingine kabisa, "barua hii tuipokee au turudishe?"

"Ipokeeni," Severina alisema, na siku saba zilizobaki akazimaliza zote.