Nusu Mwezi Mfukoni

Kisa hiki nilisimuliwa na mjukuu wangu mwenyewe, siku ile mvua ilipotufungia jikoni tukichambua maharage, naye hana pa kukimbilia. Mama yake mdogo, kitindamimba wangu, alikuwa pale pale na ungo wake, akimsahihisha kila alipojaribu kujipunguzia makosa. Kwa hiyo haya niliyoyaandika yamepita kwenye chekecheo mbili.

Mtoto huyo watu walimwita Najua. Wazazi wake walimpa jina zuri sana, lakini jina hilo lilikaa bila kazi. Ukimwambia, "Angalia, sufuria ina moto," yeye, "Najua!" na kidole kimeshaungua. Ukianza kusema, "Kesho shuleni..." yeye, "Najua!" na kesho yake anafika bila daftari. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa hesabu yake mwenyewe hapakuwa na kitu kilichobaki cha kujifunza.

Kila Jumamosi, akishafua sare zake na kufagia uwanja, Najua alikwenda gereji kwa mama yake mdogo. Gereji yenyewe ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba. Sakafu ilikuwa nyeusi kwa oili, na ukutani pamechorwa umbo la kila spana, ili moja ikikosekana ionekane mara moja. Mama mdogo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache na sheria moja tu. Sheria hiyo ilikaa kwenye trei ya mayai.

Trei ya mayai ina vishimo thelathini. Kila kinachofunguliwa garini huwekwa kwenye kishimo chake kwa zamu: cha kwanza kishimo cha kwanza, cha pili cha pili. Wakati wa kurudisha, unaanzia cha mwisho na kurudi nyuma mpaka trei iwe tupu.

"Trei ikibaki na kitu, kazi haijaisha," mama mdogo alizoea kusema, "hata kama gari linaimba."

"Najua," alijibu Najua.

Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, gari la Mama Mkunga liliingia likisukumwa na wapita njia wanne. Lilikuwa gari la zamani lenye mgongo wa mviringo, na kwa mgongo huo watu walilibatiza Kobe. Injini ilikaa nyuma na buti mbele, kama mtu aliyevaa shati kinyume. Tena injini hiyo haikujua maji. Haikuwa na rejeta. Ilipozwa na upepo wa feni tu. Feni ilizungushwa na mkanda, na mkanda ulizungushwa na puli moja kubwa iliyofungwa chini, kwenye ncha ya shafti ya injini. Mkanda ukikatika, feni inalala. Feni ikilala, injini inaungua.

"Shikamoo, Mama Mkunga," alisalimu Najua.

"Marahaba, mwanangu. Fundi, huyu Kobe amekula mikanda mitatu mwezi huu! Leo wa nne umekatika sokoni, nikafunga soksi yangu ndefu badala yake."

"Ikakufikisha?" aliuliza mama mdogo.

"Mpaka kwenye kona. Nilikuwa naipenda ile soksi."

Mama mdogo akapiga magoti, akaipapasa puli. Ukingo wake ulikuwa umemeguka, mkali kama kifuniko cha kopo. "Mla mikanda ndiye huyu. Tunambadilisha."

Puli mpya ilikuwepo. Mama Mkunga aliinunua zamani, akaizungushia magazeti na kuiacha chini ya kiti akingoja nafasi. Lakini kwenye kiti cha nyuma palikuwa na kitu kingine: sanduku la chanjo, limejazwa barafu.

"Saa kumi watoto watakuwa wananisubiri ng'ambo ya mto," alisema, "na njia ni ya saa nzima. Barafu ikiisha, chanjo zimeharibika, na watoto wale wangoje mwezi mwingine. Maradhi hayangoji."

"Saa sita utakuwa umeshaondoka," alisema mama mdogo.

Kazi ikaanza. Ili injini isizunguke wakati wa kufungua bolti ya puli, gari lilitiwa gia na mtu akahitajika wa kukanyaga breki. Akaitwa Mzee Futi, fundi wa nguo wa mlango wa pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu futi yake ya kupimia haikushuka shingoni hata akiwa anaoga, au ndivyo watu walivyosema. Mzee Futi akakaa kwenye usukani, akakanyaga breki, akaanza kukata kona na kupiga honi kwa mdomo.

"Mzee wangu, gari limesimama," alisema mama mdogo.

"Ndiyo maana naendesha kwa uangalifu."

Bolti ilikuwa na kutu, haikutaka kusikia. Mama mdogo akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, akaning'inia kama nguo kwenye kamba. Wapi! Najua akaning'inia naye. Wapi! Mama Mkunga, ambaye Mungu alimjalia mwili wa kutosha, akawatazama, akakunja mikono ya gauni lake.

"Nipisheni." Akakaa juu ya bomba. Bolti ikapiga kelele, ikaachia, na Mama Mkunga akajikuta sakafuni amenyoosha miguu. "Nimezalisha wengi," alisema akijipangusa, "lakini huyu katoka kwa shida."

Bolti ikaingia kishimo cha saba, washa yake, kile kipete bapa cha chuma, cha nane. Puli kuukuu ikavutwa. Nyuma yake, kwenye shafti, palikuwa na kijichuma chenye umbo la nusu mwezi, kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Mama mdogo akakitoa kwa koleo, akakiweka kishimo cha tisa.

"Kitazame vizuri. Shafti ina kijifereji, na puli nayo ina chake. Nusu mwezi ikikaa katikati, puli haiwezi kukaa ovyo. Bila hiyo, alama ya..."

"Najua!" alisema Najua, macho yake yakiwa kwa Mzee Futi, ambaye sasa alikuwa anapima upana wa usukani.

Baadaye, shafti ikiwa imeshafutwa, dereva wa pikipiki akaita getini, mnyororo umemnasa suruali. Mama mdogo akachukua koleo. "Najua, anza kurudisha. Unajua kinachotangulia?"

"Najua!"

Akaipenyeza puli mpya kwenye shafti. Iliteleza vizuri mno, kama mguu kwenye kiatu cha baba. Akaweka washa, akaweka bolti. Mama mdogo aliporudi akaikaza, wakarudisha vifuniko na mkanda, na saa sita haijafika.

"Umefanya kazi nzuri," alisema mama mdogo, mtu ambaye sifa zake zilikuwa adimu kuliko mvua ya kiangazi. "Mzee Futi, mpime huyu. Jumamosi ijayo avae ovaroli yake mwenyewe."

Najua alikuwa anavaa ovaroli ya mjomba wake, iliyokunjwa mara nne miguuni. Akaruka kwa furaha, akaenda kubeba trei, na hapo akaiona. Kishimo cha tisa. Nusu mwezi imetulia, inang'aa, inamtazama.

Aseme? Vifuniko vimeshafungwa, mkanda umeshavutwa, na futi inakuja. "Kijichuma hiki ni kama ukucha," aliwaza. "Gari zima litakihisi?" Akakitumbukiza mfukoni.

"Nyoosha mikono," alisema Mzee Futi, akamzungushia futi kiunoni. "Mbona hapa mfukoni pamevimba?"

"Chaki."

"Chaki ngumu hii."

Mama mdogo akazungusha injini kwa mkono mpaka alama iliyo kwenye puli ikatazamana na mstari wa katikati ya injini, akapanga moto wa plagi, yaani wakati wa kutoa cheche, kwa kufuata alama hiyo. "Mama Mkunga, washa."

Kobe akakohoa. Akakohoa tena, kisha akapiga PAAA! kwenye ekzosi. Kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mzee Futi, aliyekuwa ameshaanza kukata kitambaa, akakata pembe ya shati lake.

"Labda ni petroli," alisema Mama Mkunga.

"Labda ni hasira," alisema Mzee Futi, akilitazama shati.

Mama mdogo akakagua plagi moja baada ya nyingine. Zilikuwa safi. Akafungua kabureta, akaipuliza, akaifunga. PAAA! Akarudi kwenye alama, akapanga moto upya. PAAA! Saa saba ikapita. Watu wakajaa getini, kila mmoja na ushauri wake, na mmoja alishauri Kobe apewe kivuli apumzike. Mama Mkunga alikuwa anafungua sanduku kila dakika kumi, na kila akifungua, uso wake ulizidi kukunjamana.

"Usilifungue, litaingia joto," Mzee Futi alimwambia.

"Nisipolifungua nitajuaje?"

"Kwa hiyo na wewe unaiyeyusha barafu!"

Najua alisimama kando ya benchi, mkono juu ya mfuko. Kijichuma kile kidogo kilikuwa kimeanza kuwa kizito kama nyundo. Alijiambia, sasa hivi litawaka. Halikuwaka.

Saa nane mama mdogo akakaa chini juu ya tairi. Akaitazama mikono yake, kiganja na mgongo, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Alama inasema niko sawa, injini inasema nimekosea," alisema taratibu. "Miaka kumi na mitano sijaona kitu kama hiki. Mama Mkunga, nisamehe. Tafuta gari jingine. Mimi nimeshindwa."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno hilo. Mama Mkunga akafungua sanduku mara ya mwisho. Barafu ilikuwa imebaki kama kipande cha sabuni siku ya Ijumaa.

"Gari jingine nitalipata wapi saa hizi?" alisema.

Mama mdogo akajaribu kutabasamu, akamgeukia mtoto wa dada yake. "Haya, Najua, wewe unayejua kila kitu. Unajua huyu Kobe ana nini?"

Najua akatazama ukuta wa spana. Akaitazama tena ile mikono ya mama mdogo. Kisha mkono wake ukaingia mfukoni, ukatoka na ganda la karanga, kipande cha uzi, na nusu mwezi.

"Najua," alisema, kwa sauti ya mbu. "Niliisahau. Halafu nikaiona. Halafu nikaificha."

Mzee Futi akasogea, akainama, akakitazama kile kijichuma.

"Hii ndiyo chaki?"

Wa getini wakaangua kicheko, lakini Mama Mkunga hakucheka. "Mficha maradhi, mwanangu, kilio humuumbua," alisema. "Na leo wangelia wasiohusika."

Mama mdogo hakupiga kelele. Alisimama, akachukua trei tupu, akamkabidhi. "Fungua. Wewe mwenyewe. Kishimo kwa kishimo."

Mzee Futi akarudi kwenye breki, safari hii bila kukata kona hata moja. Vifuniko vikatoka, mkanda, bolti, washa, puli. Najua akaweka nusu mwezi kwenye kijifereji cha shafti, akaizungusha puli polepole mpaka kijifereji chake kikaikuta. Ikaingia kwa ubishi kidogo, kama inavyotakiwa. Akaweka washa, akaweka bolti, akashika spana. Kisha akasita.

"Mama mdogo... sijui. Bolti hii inakazwa kiasi gani?"

Futi ilianguka kutoka shingoni mwa Mzee Futi.

"Rudia," alisema mama mdogo.

"Sijui."

"Njoo nikuonyeshe." Akaweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto, wakakaza pamoja.

Alama ilipotazamana na mstari safari hii, ilikuwa inasema kweli, maana puli ilikaa mahali pake. Mama mdogo akapanga moto. Mama Mkunga akawasha, na Kobe akaunguruma sawasawa, feni ikavuma, karatasi sakafuni zikapepea. Saa tisa kasoro robo Mama Mkunga akatoka getini, mkono nje ya dirisha, na wa getini wakapiga makofi kana kwamba wao ndio waliolitengeneza.

Alirudi jua likielekea kuzama. "Barafu ilibaki vidole viwili," alisema. "Watoto wote wamechanjwa, na wote wamelia, kwa hiyo kazi imefanyika vizuri." Akaenda zake kuoga na kulala, maana alikuwa amechoka kwa ajili yake na kwa ajili ya Kobe.

Mama mdogo na Najua walibaki wakinawa mikono kwa sabuni ya unga.

"Sikiliza," alisema mama mdogo. "Kuisahau nusu mwezi lilikuwa kosa la dakika kumi. Mimi mwenyewe nimesahau vitu vikubwa kuliko hicho. Ungesema pale pale, tungefungua, tungecheka, basi. Kuiweka mfukoni ndiko kulikotula saa mbili, na nusura watoto wa watu wakose chanjo. Na kuna jingine. Ulinifanya nitilie shaka mikono yangu mwenyewe. Hilo ndilo lililoniuma."

Machozi yakamtoka Najua, yakachanganyika na povu. "Nisamehe, mama mdogo."

"Nimekusamehe uliposema. Asiyejua anafundishika. Anayejifanya anajua, tumfundishe nini? Na aliyekosea akisema mapema, kosa linabaki dogo."

Mzee Futi akachungulia mlangoni, kitambaa begani. "Fundi, hii ovaroli nishone au nisishone?"

Mama mdogo akafikiri.

"Shona. Lakini usiweke mfuko."

Mzee Futi aliifunga cherehani yake akicheka peke yake, na muda si muda mkoromo wake ulisikika kupitia ukuta. Mama mdogo alikula, akajinyoosha, akalala kabla hajamaliza sentensi. Najua, aliyelala kwake usiku huo, alikuwa wa mwisho. Aliitazama trei kwenye benchi, akahesabu vishimo vyote thelathini, vyote vitupu. Akaugeuza mfuko wa ovaroli ya mjomba nje ndani, akaukung'uta. Haukuwa na kitu. Ndipo akaingia ndani, akajifunika shuka, naye akalala.