Mfuniko Uliochomelewa

Mama Cheche aliipiga teke mashine yake. Aliyeumia ni yeye.

"Ipige na kichwa," mama yake alisema kutoka kibarazani. "Huenda ikaona aibu."

Mama Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Jina hilo walimpa kwa cheche za kazi, na kwa cheche za mdomo. Mashine ile ya kupukuchulia mahindi alimtengenezea mama yake, aliyekuwa akipukuchua mahindi ya watu kwa mikono mpaka vidole gumba vikapasuka. Lakini mashine ilivunja punje. Kisha mota ikaungua. Akaweka nyingine, nayo ikaungua.

"Mwite shemeji yako aiangalie."

"Yule mwizi? Thubutu!"

Shemeji, mdogo wa mumewe, alikuwa fundi wa kusuka upya nyaya za mota zilizoungua, ng'ambo ya barabara. Mama Cheche aliamini kwamba angeiga mashine yake. Kwa hiyo kila alipoweka mota aliuchomelea mfuniko pande zote, asione mtu kilichomo. Sasa hata yeye mwenyewe hakuweza kuingiza mkono.

Mama akachukua hindi, akaanza tena kupukuchua. Tone la damu likaangukia punje. Mama Cheche alipoliona, hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka. Mwisho wa mtaa kulikuwa na karakana ya serikali yenye mashine za kila aina. Wakubwa walikuja, wakakata utepe, wakapiga picha, wakafunga kufuli. Basi! Alikwenda ofisi ya serikali bila hata kuvua aproni.

"Kodi zetu zimenunua mashine za kulaza buibui!" alimfokea afisa wa ufundi, mwanamke wa makamo. "Mama yangu anatoka damu! Kazi ya serikali ni kukata utepe?"

Afisa alimvutia kiti. "Una haki ya kukasirika, dada. Tumekosea."

Mama Cheche hakuketi.

"Serikali haiwezi kukubunia mashine," afisa alieleza. "Lakini inaweza kununua vifaa ambavyo fundi mmoja havimudu, mkavitumia wote. Inaweza kumkutanisha mwalimu wa chuo na fundi, na fundi na mkulima. Tena ina wajibu wa kukulinda. Ukisajili ubunifu wako, mtu akiuiga bila ruhusa unamshitaki. Huna haja ya kuuficha."

"Maneno matamu. Na kufuli je?"

"Karakana inatakiwa kuendeshwa na kamati yenye mafundi ndani yake. Ofisi haikuwaita. Nikisema peke yangu, wakubwa wangu wananinyamazisha. Njooni wote kwenye kikao cha wananchi, mdai."

"Kwa hiyo mmeziba mashine ndani, hakuna anayeziona, hakuna anayefaidi..." Mama Cheche alianza. Aliukumbuka mfuniko wake. Alikasirika zaidi, safari hii na nafsi yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji.

"Shemeji, nilikuita mwizi. Nisamehe."

"Najua uliniita. Mtaa mzima ulisikia."

"Basi lete grenda, tukakate kile kidude."

Mfuniko ulipotoka, shemeji alishika mbavu kwa kicheko. "Umeziba hewa yote! Mota haikuungua, shemeji, ulikuwa unaipika!"

Siku ya kikao mafundi walijaa ukumbini. Mkuu wa ofisi alisimama. "Suala lenu linashughulikiwa," alisema.

"Na nani?" Mama Cheche aliuliza kwa sauti. "Mtaje! Tumuone!"

Ukumbi ulilipuka. Mkuu alipekua makaratasi yake kutafuta jina. Kikao hakikuvunjika mpaka kamati ilipochaguliwa na siku ya kufungua karakana ikatajwa.

Karakana ilipofunguliwa, mwalimu wa chuo aliyeletwa na afisa alipima mzunguko wa mashine, akaona unakwenda kasi mno. Ndiyo maana punje zilivunjika. Mama Cheche alikereza puli kubwa zaidi, lile gurudumu la mkanda, ili kasi ipungue. Shemeji alisuka mota upya. Ubunifu ukasajiliwa kwa majina yao wote wawili, na mfuniko ukapata bawaba.

Mama alitia mahindi. Punje zikamiminika nzima nzima. Alizichota kwa mikono yake yenye makovu.

"Muda wote huo," alisema, "dawa ya vidole vyangu ilikuwa mwisho wa mtaa?"

"Ndiyo, mama."

"Ufunguo wa karakana sasa anao nani?"

"Kamati. Na mimi nimo."

Mama alimtazama usoni, bila kucheka.

"Basi ole wako uufiche."