Sarafu Haisuguliwi Uso

Mmenichosha na habari hii. Mtoto akiokota kisarafu njiani, mbio kwa bibi: tuambie ya kinyozi. Haya, kaeni. Atakayesinzia asije kuniuliza baadaye.

Kinyozi huyo alimwoa binti wa dada yangu. Mdomo wake ulikwenda kama cherehani, ndiyo maana tukamwita Mjuaji. Siku moja mkewe aliikuta sarafu nyeusi ndani ya pindo la gauni kuukuu, na Mjuaji akaipeleka duka la sarafu za zamani ikatazamwe.

Duka lile lina adabu zake. Unabisha, unasalimu, unasubiri. Chako hukiweki mezani mpaka utandikiwe kitambaa. Sarafu unaishika kingoni, kwa ncha za vidole, kama kikombe cha moto. Uso wake huugusi, na weusi wake huutoi, maana huo ndio nguo yake. Mjuaji aliingia kama anaingia chooni kwake, akaitupa sarafu juu ya kioo cha meza. Mwenye duka, mzee wa miwani minene, akamsihi ashike kingoni. Mjuaji akacheka. Akasema kazi yake ni nyuso, ameshazigeuza za wakubwa na hakuna aliyemshtaki. Akatia gumba mate, akasugua.

Chini ya weusi pakatokea uso. Haukuwa wa mfalme. Ulikuwa umefumba macho, kisha ukafumbua.

Mzee akavua miwani yake. "Ichukue utoke," akasema polepole. "Mimi sikuiona."

Nyumbani kwa Mjuaji ilianza harufu, ya shaba iliyolowa, kwenye mto wa binti yake mdogo. Ikafuata sauti mchana kweupe, shwi, shwi, kama gumba juu ya bati. Mama akadhani panya. Alipomchana mtoto nywele akaona nyusi zimepungua, akamuuliza mumewe kama ameanza kunyoa hata watoto wadogo. Mjuaji akaapa hajamgusa.

Kesho yake nyusi hazikuwepo kabisa, na pua ikaanza kulala, na midomo ikafifia pembeni kama chapa ya sarafu iliyopita mikono mingi, na kila mama alipomkumbatia ile shwi, shwi ilisikika ndani ya ngozi yenyewe, na mtoto hakulia, alisema tu kuna mtu anamfuta, gumba lake baridi, na anauliza baba yuko wapi.

Wakaitupa sarafu shimoni. Wakaikuta chini ya ulimi wa mtoto.

"Mume wangu," mama akanong'ona, "mwanangu akiishiwa uso, atapumulia wapi?"

Mjuaji akarudi dukani. Safari hii alibisha. Alisalimu. Alisubiri mlangoni hadi akaribishwe, akailaza sarafu kwenye kitambaa, ameishika kingoni. Akamwomba mzee msamaha.

"Usiniombe mimi," mzee akasema. "Mwombe uliyemvua nguo."

Akaomba mpaka sauti ikamkauka. Akaahidi ubani, akaahidi hariri, akaahidi kuufunga mdomo wake maisha. Mwisho akainama, akasema, "Basi muache mtoto. Chukua wangu."

Sarafu ikamjibu kwa sauti ya binti yake. "Sogea karibu."

Mzee aligeukia ukuta. Alichosikia ni shwi, shwi, kwa muda mrefu.

Mtoto alipona. Nyusi ziliota, pua ikasimama, mdomo ukarudi na ufidhuli wake. Mjuaji naye ukimtazama hana kasoro: macho anayo, pua anayo. Ila ukigeuza shingo tu, umeshamsahau. Hakuna aliyewahi kuushika uso ule kichwani tangu siku hiyo. Sasa anabisha hodi kwake mwenyewe, anasalimu, anasubiri, na binti yake anajificha nyuma ya gauni la mama.

"Mama, huyu nani?"

"Baba yako."

"Hata yule wa jana ulisema ni baba."