Vifungo Kumi vya Driciru

Jumamosi asubuhi, juu kwenye safu ya mafundi wa cherehani katika soko kuu la Arua, mwanamume mrefu alisimama mbele ya meza ya Driciru. Alikuwa ameshika shati lake kifuani kwa vidole viwili, kama mtu anayezuia mlango usifunguke.

"Dada, nisaidie. Kifungo imekimbia. Naenda kuona mnunuzi wa simsim, siwezi kufika kifua wazi."

"Kwani hicho kifua iko na nini cha kuficha?" Ritah aliuliza kutoka cherehani ya jirani, na safu nzima ikacheka.

Driciru aliinuka. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge la rangi ya chungwa alilojishonea mwenyewe, limembana kiuno vizuri kabisa, na mwanamume aliliona. "Usivue," alimwambia. "Simama tu."

Sindano ilipofika kwenye kitambaa, moyo wa Driciru ukaanza kukimbia. Hapakuwa na sababu. Jasho likamtoka mgongoni, kelele za cherehani zikawa kubwa kama mvua ya mawe juu ya mabati, na mkono ukatetemeka.

"Aii! Fundi, umenichoma!"

"Pole, pole sana."

"Acha pole. Choma tena, nilikuwa nasinzia."

Driciru akacheka bila kutaka, na katika kile kicheko uzi ukapita.

"Mimi Lemi, wa Kuluba, kule Koboko," alisema, akitazama kifungo chake kipya. "Niko na simsim, muhogo, na sasa shati moja nzuri. Nipe namba yako, kikikimbia tena nipige simu."

Alimpa.

Lemi hakujua jambo moja. Miaka miwili nyuma Driciru alianguka na bodaboda. Mifupa ilipona lakini usingizi ulikimbia, na daktari akamwandikia vidonge vya kutuliza wasiwasi. Vilikuwa vya wiki chache tu, ila hakuna aliyemwambia aache, akaendelea navyo. Siku aliyojaribu kuviacha vyote kwa mara moja alitetemeka sakafuni mpaka mama yake akadhani ni malaria. Ndipo nesi Juliet, wa kliniki moja huko Oli, alipomkalisha chini.

"Hii dawa haiachwi ghafla, umesikia? Ni hatari. Tunapunguza pole pole, mimi na daktari ndio tunasema lini. Hofu itakuja. Itakuja na itapita. Wewe kazi yako ni kupumua."

Driciru akashona vifungo kumi kwenye kipande cha kitenge na kukibana ndani ya droo ya meza yake. Kila Juliet alipopunguza dozi, alikata kifungo kimoja. Hofu ilipokuja aliweka mguu kwenye pedali bila kitambaa chini ya sindano, akaikanyaga taratibu: nne akivuta pumzi, nne akiitoa. Ritah alidhani anailainisha mashine. Siku Lemi alipokuja vilibaki vifungo sita.

Simu zikaanza.

"Mrembo wa Arua, umekula?"

"Nimekula kunde na siagi ya simsim."

"Simsim ya nani?"

"Ya mtu mmoja wa Koboko, mwenye kelele."

"Huyo mtu anakupenda."

"Mwambie alete gunia, si maneno."

Na kweli alileta. Kila alipokuja Arua alikaa juu ya gunia lake la ufuta karibu na meza ya Driciru, akimtania Ritah, akimenya chungwa na kumpa Driciru vipande mkononi. Miezi ikapita. Driciru alishuka hadi vifungo vitatu na hakumwambia kitu. Aliona aibu. Aibu hiyo ilikuwa upuuzi mtupu, lakini mtu aliyependa ukimpa nafasi ya kufanya upuuzi, ataichukua.

Sasa, kwa kina Lemi, mtu akimpenda mtu hamletei maua. Akisikia anaumwa, anamletea sukari na dawa. Siku moja alipokuwa akitafuta mkasi kwenye droo, Lemi aliona karatasi ya vidonge iliyokwisha. Akasoma jina la dawa, akalishika kichwani. Wiki iliyofuata alitokea na mfuko: asali, sukari, na kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Fungua, mpenzi. Nimezunguka maduka manne."

Driciru akafungua. Vidonge thelathini, vizima, vinang'aa.

Asubuhi hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Tangu alfajiri kifua kilikuwa kimebana, na sasa mate yalimjaa mdomoni kwa kuviona tu. Kimoja tu, na mchana wote ungetulia.

"Nani amekutuma?" alifoka. "Unanichunguza droo yangu?"

"Driciru, niliona zimeisha, nikafikiri..."

"Nani alikuambia ufikiri? Toka! Chukua mfuko wako, toka!"

Lemi alimtazama, akaweka kofia kichwani, akashuka ngazi. Mfuko aliuacha.

Mikono ya Driciru ilikuwa juu ya vidonge. Alikanyaga pedali mara nne, mara nane, mara arobaini. Kisha akavirudisha kwenye gazeti, akafunga kwa uzi fundo gumu la fundi, akaenda navyo mpaka Oli kwa miguu.

Juliet alisikiliza kisa chote cha Lemi, akavihesabu vidonge, akavifungia kabatini. "Umemeza?"

"Hapana."

"Vizuri. Huyu mwanamume ni mbaya?"

"Hapana. Ni mzuri sana."

"Anajua unapunguza?"

"Sijamwambia. Naona aibu."

"Basi umemfukuza mtu kwa kosa la kutojua jambo ulilomficha," alisema Juliet. "Simu si unayo?"

Siku mbili Lemi hakupokea. Siku ya tatu akapokea, na upande wake kulisikika upepo wa shambani.

"Nasikiliza," alisema. Hakumwita mrembo.

Driciru akamwambia yote: bodaboda, sakafu, vifungo, vipande vya chungwa alivyokula huku moyo ukimkimbia.

"Kwa hiyo wewe unazima moto," alisema Lemi, "na mimi nimekuletea petroli, tena kwenye gazeti."

Driciru alitaka kucheka, lakini kifua kikabana.

"Hiyo sauti ni nini?" aliuliza Lemi. "Tak, tak, tak."

"Pedali. Hofu imekuja sasa hivi. Nikikanyaga, napumua."

"Ngoja." Akaokota jerikani tupu, akaanza kuligonga kwa fimbo ya kupigia simsim. "Hivi? Au naharakisha?"

"Pole pole kidogo."

"Hivi?"

"Hivyo."

Wakabaki hivyo, yeye Arua na mwenzake Kuluba, mpaka ikapita.

"Bado vifungo vingapi?" aliuliza Lemi.

"Vitatu."

"Vikiisha nakuja kwenu na wazee, kukuposa. Nisipokuja, nichome."

Viliisha baada ya miezi mitano, kwa sababu kimoja Juliet alikataa kikatwe haraka. Asubuhi Driciru alipokata cha mwisho, chekundu, Lemi alipanda ngazi za soko amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, vidole viwili kifuani.

"Fundi, kifungo imekimbia."

Driciru alichungulia. "Hiki umekikata na kisu."

"Kimekimbia na kisu."

"Wazee wako wapi?"

"Chini, wanakunywa chai. Mjomba iko kwa chapati ya nne. Fanya haraka."

Akatunga uzi, akashona kile chekundu juu ya jeupe. Mkono ulitetemeka kidogo; Juliet alikuwa amemwonya kwamba hofu ingerudi kumtembelea mara moja moja. Chini ya meza mguu wa Lemi ulikuwa tayari unagonga sakafu: nne, na nne. Driciru akakata uzi kwa meno, kisha akamgusa kifuani kwa ncha ya sindano.

"Aii! Kimeisha, sasa unanichoma ya nini?"

"Hiyo ni ya kukuamsha," alisema Driciru, akachukua mkoba wake. "Twende. Mama anangoja."