Vigingi vya Bwawa la Kijani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jenny aliwasha mbabula, lile jiko lao la bati lenye matundu, akachemsha chai ya mama yake. Mama Colette aliinywa amesimama, mabuti ya mpira miguuni na begi la chupa tupu begani. Alikuwa mkemia wa serikali. Kazi yake ilikuwa kuizungukia migodi iliyoachwa kandokando ya mji wa Likasi, kupima maji yake, kuziba mashimo yake na kuwaepusha watu na hatari. Mwaka ule wa 1995 gari la ofisi lilikuwa limekaa juu ya mawe, bila magurudumu, na mshahara ulikuwa umegeuka hadithi. Wenzake wengi walikwisha kwenda kulima au kuuza sokoni Kikula, mtaani kwao. Yeye aliendelea, kwa miguu.

"Mama, kama hawakulipi, unaenda kufanya nini?" Jenny alimwuliza siku moja.

"Ile maji haijui kama minalipwa ao hapana," mama alijibu akifunga begi. "Iko inaua tu."

Bwawa lililomsumbua zaidi lilikuwa nyuma ya nyumba za mwisho za Kikula. Kampuni moja ndogo ilichimba shaba pale, kisha ikafunga milango na kuondoka. Mvua ikalijaza lile shimo maji ya kijani, maangavu kama kioo. Jumamosi moja Jenny alimsaidia mama yake kulizungushia vigingi vya mkaratusi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani.

"Lakini iko safi, mama. Minaona mpaka chini."

"Umeona chura hapa? Umeona hata mududu moja?" mama alimwuliza. Jenny akatazama. Hapakuwa na kitu. "Iko safi sababu hakuna kinachoweza kuishi ndani. Hii vigingi ndiyo mudomo wangu, Jenny. Wakati miye siko hapa, vyenyewe vinasema."

Mvua zikaja, makaa yakalowa na kupanda bei. Kazi ya kutafuta kuni ikawa ya Jenny baada ya masomo. Kuni zilikuwa mbali, ng'ambo ya reli, na wasichana wenzake walikuwa wakimngoja wacheze. Siku moja alipita karibu na bwawa, akakishika kigingi kimoja, akakitikisa. Kilitoka kirahisi. Alikwangua ile rangi nyekundu kwa jiwe, akakipasua. Kikawaka vizuri ajabu.

"Umetoa wapi kuni kavu hivi?" mama aliuliza jioni.

"Kule ng'ambo ya reli," Jenny alisema, akajishughulisha na sufuria.

Kimoja tu, alijiambia. Kesho yake akasema vivyo hivyo. Kabla mvua hazijapungua, bwawa lilikuwa wazi pande zote, na mama, aliyekuwa akizungukia migodi ya mbali, hakujua.

Wakati huo nyumba ya jirani, iliyokuwa tupu, ikapata watu. Mama Bibiane alitoka upande wa Mwadingusha na magunia ya mihogo aliyoilima mwenyewe, akiwa na mwanawe Elie, mtoto wa miaka sita. Elie alimpenda Jenny tangu siku ya kwanza. Alimfuata kila mahali akimwita "yaya", dada mkubwa, na kumwomba amfundishe kuandika jina lake mchangani.

Mama Colette alikuwa amesafiri kwenda Lubumbashi kutafuta chokaa ya kupunguza ukali wa maji ya migodi, na Jenny alibaki chini ya uangalizi wa majirani. Alasiri moja alimkuta Mama Bibiane ukingoni mwa bwawa, sketi imefungwa magotini, akiiopoa mihogo aliyoirowesha ili ilainike. Jenny akamsogelea.

"Mama, hapa... hapa si pahali pazuri," alisema kwa sauti ndogo.

"Juu ya nini, mutoto wangu? Maji iko muzuri. Nilizunguka pande zote, sikuona alama hata moja. Kama pahali ni pabaya, wanaweka alama."

Ilikuwa rahisi kusema wakati ule. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini kuyasema kungekuwa kusema na habari ya kuni, na mama akirudi angeambiwa. Jenny akasema, "Ndiyo, mama," akaenda zake. Alijipa moyo kwamba jua lingeikausha ile mihogo na ubaya wote ungekwisha.

Mihogo ikakauka, ikasagwa. Mama Bibiane akapika bukari, ugali wa kwao, kwa ule unga, na siku ileile Elie akaanza kutapika. Mama yake naye akashikwa na tumbo. Daktari Évariste wa zahanati ya mtaa alidhani ni kipindupindu, maana kilikuwa kimesikika mjini. Akawapa maji ya chumvi na sukari, akasisitiza wachemshe maji ya kunywa. Walipata nafuu, wakarudi nyumbani, wakala tena, wakaugua tena. Safari hii Elie alizidiwa.

Jenny alipokwenda kumwona, mtoto alikuwa amelala mkekani, macho yameingia ndani. Mama Bibiane, mwenyewe akitetemeka, alikuwa amemshika kichwa akimsogezea kikombe.

"Kunywa uji, baba. Upate nguvu."

Jenny akauona ule uji, na rangi yake ya kijani iliyofifia.

"Usimupe!" alipiga kelele, akakinyakua kikombe. "Mama, usimupe! Ni unga! Ile bwawa iko na sumu. Alama zilikuwapo. Miye nilizitoa, nikapikia."

Mama Bibiane hakumpiga. Alimtazama kama mtu anayesikia lugha asiyoijua.

"Ile siku uliniona pale," alisema. "Ulijua?"

"Nilijua."

Mama Bibiane akambeba mwanawe mgongoni, akatoka mbio kuelekea zahanati.

Mama Colette alirudi kutoka Lubumbashi jioni ile. Hakugomba. Aliusikiliza mkasa wote kutoka kwa Jenny, akachota unga kidogo, akaupeleka kwa Daktari Évariste pamoja na maelezo ya kilichomo ndani ya maji yale. Daktari akabadilisha matibabu na kumpeleka Elie hospitali kubwa. Mama Bibiane, aliyekuwa amekula kidogo, alipona upesi. Elie alipona kwa shida. Ini lake liliumia. Daktari alisema itachukua muda mrefu kabla hajaweza kucheza, na mwaka ule hataanza shule. Magunia yote ya unga, jasho la msimu mzima la Mama Bibiane, yalizikwa kwenye shimo refu.

Jenny alikwenda kuomba msamaha. Mama Bibiane alikuwa akifunga vitu vyake arudi kwa ndugu zake Mwadingusha.

"Minasikia, mutoto," alisema bila kugeuka. Akaendelea kufunga. Elie, akiwa amekalishwa juu ya baiskeli ya mjomba wake aliyekuja kuwachukua, aliinua mkono mwembamba. "Yaya, bado sijajua ile herufi ya mwisho," alisema. Kisha wakaondoka.

Jumamosi iliyofuata Mama Colette aliwaita majirani wote bwawani. Akawaeleza kila kitu, naye Jenny akasimama mbele yao akasema alichokifanya. Safari hii hawakutumia miti. Walibeba mawe, wakajenga ukuta kulizunguka shimo.

Walipopumzika, mama aliketi karibu na bintiye.

"Kung'oa vigingi lilikuwa kosa, Jenny. Lakini mutu anaweza kurekebisha kosa kama analisema mapema. Ulipomukuta Mama Bibiane na mihogo yake, neno moja lingetosha. Ulijihurumia weye, Elie akalipa."

Jenny akainamisha kichwa.

"Na miye pia niko na kosa," mama aliendelea. "Niliachia vigingi visemee mahali pangu. Ilinipasa kupita nyumba kwa nyumba. Kazi yangu si maji tu, ni watu pia."

Jenny alifuta machozi kwa kiganja chenye vumbi. Upande wa pili wa shimo ukuta ulikuwa bado mfupi. Akainuka, akaenda kutafuta jiwe jingine.