Mgongo Ukutani

Hebu ione Tororo ya miaka ile ya Mwingereza: malori ya pamba yamepumzika juani, na katika nyumba ya Sulaiman dereva, mkewe Hajara amesimama na kitambaa kibichi mkononi, akiutazama ukuta wa jikoni. Kuna mchoro wa mkaa. Mwanamke amegeuza mgongo, kikapu kichwani.

"Ni panya," Sulaiman alicheka. "Panya wa hapa wamesoma misheni."

Hajara hakucheka. Alifuta. Kesho yake mchoro ulirudi. Akausiliba ukuta wote kwa udongo na samadi. Mchana, watu wakiwa wamejilaza, akasikia kwaru, kwaru, na harufu ya nafaka ya wimbi iliyokaangwa ikajaa nyumba ambamo hakuna aliyewasha moto, na alipochungulia akaona kipande cha mkaa kinatembea chenyewe juu ya udongo mbichi, na yule mwanamke ameanza kugeuka, kwanza bega, halafu sikio, halafu shavu lisilo na jicho.

Akaitwa Agwang, mganga wa kijiji cha Mella. Aliunusa ukuta.

"Mama, huyu nani?"

"Simjui."

Kwaru. Shavu likasogea.

"Usimkane tena, anasikia," Agwang alinong'ona. "Jini huyu amekaa pale unapoficha kitu. Akiuchora uso yeye, nyumba ni yake. Uchore wewe. Mdomo ukikataa, mkono useme."

Hajara akashika mkaa. Alichora mkeka, wageni wamevaa vizuri, na yeye katikati yao, ameinamisha kichwa. Hapo machozi yakamtoka.

"Ni mama yangu. Alikuja kwa miguu kutoka Mukuju, vumbi hadi magotini. Wageni wakauliza ni nani. Nikasema, muuza wimbi."

"Naye?"

"Aliitikia, 'Ndiyo, bibi.' Akatua kikapu cha wimbi, akaenda. Nilikuja kumwona tena siku ya kumzika."

Akachora pua. Akachora mdomo. Kwenye macho mkono ukaganda, kwa maana siku ile hakumtazama.

Mkwaruzo ulikoma, harufu ikatoweka. Lakini uso ule ulibaki bila macho, wala Hajara hakuufuta. Mgeni akiuliza, alijibu wazi, "Huyu ni mama yangu." Na kutoka ndani ya udongo, taratibu, sauti iliitikia, "Ndiyo, bibi."

Nawe, mwanangu, mengine yote ukiyasahau, nakuomba ukumbuke hili moja: mzazi akibisha hodi, mtazame machoni.